ELISHA ALIENDA MPAKA CHEMCHEMI

Somo: 2 Wafalme 2:19-22, Kumbukumbu la Torati 23:12-13



Watu wa Yeriko walikuwa na mji mzuri, lakini maji yao yalikuwa mabaya. Nabii Elisha hakuzunguka nyumba kwa nyumba kuombea mitungi. Alienda mpaka chemchemi, akatia chumvi pale maji yanapotokea. Tulitazame jambo hilo vizuri, kwa maana kati yetu wapo wanaosema maji yakiombewa inatosha.

Wafanyabiashara wetu wa Butembo wanaoenda Kampala wanaujua mfereji wa Nakivubo. Unakatiza mji, unabeba taka za soko, nyumba na viwanda, unaingia Ziwa Victoria kwenye ghuba ya Murchison. Na ni ghuba ile ile, kule Ggaba, ambamo mji unateka maji ya kunywa! Zamani kinamasi cha mafunjo kilichuja uchafu kabla haujafika ziwani. Watu wakakata mafunjo, wakalima magimbi. Kinyesi ni mbolea, kila mkulima anajua. Kikiingia ziwani kinalisha mimea midogo sana ya majini. Maji yanakuwa ya kijani, na mimea hiyo ikioza inamaliza hewa ya samaki. Ghuba ikazidi kuharibika, hata mji ukajenga kituo kingine cha maji mbali, kule Katosi.

Ukajenga pia, Bugolobi, kiwanda kipya cha kusafisha maji machafu, chenye uwezo wa mita za ujazo 45,000 kwa siku. Humo uchafu mzito unatulia chini, vijidudu vinakula uliobaki, ndipo maji yanaachiliwa. Hata hivyo nyumba nyingi za Kampala hazijaunganishwa na mabomba yake.

Sisi Butembo na Beni hatuna kiwanda cha namna hiyo. Kiwanda chetu ni shimo la choo. Na tunalitumia namna gani? Usiku wa mvua kubwa wengine wanatoboa choo ili uchafu uende na maji mpaka Kimemi. Hatutaficha: waamini wetu nao wamo. Wanajibu kwamba maji yanayotembea yanajisafisha yenyewe. Yanatembea kwenda wapi? Chini ya daraja kuna mama anafua na watoto wanateka. Na maji ya upande wa mashariki wa milima yetu yanashuka kwenye Ziwa Edward na mto Semliki, wakati samaki wa Kyavinyonga na Vitshumbi tunawala hapa.

Sisi tunaobatiza mtoni tumeyaona kwa macho. Pale tulipozamisha watu zamani, leo kunanuka. Tumekwisha kupanda juu mara mbili. Tukiendelea hivi tutafika kwenye chemchemi yenyewe, na pale maji hayafiki magotini.

Wakati wa Ebola, tangu 2018 mpaka 2020, tulinawa maji ya klorini mlangoni mwa kanisa, na maombi yaliendelea. Basi maji ya kunywa yachemshwe kwanza, kisha yaletwe kuombewa. Musa aliwaagiza Waisraeli wachimbe nje ya kambi na kufukia. Hakusema mvua itabeba.

Mashemasi watapita kuangalia vyoo vya waamini, wakianza na vyao wenyewe. Salongo ya kuchimba choo kipya cha kanisa, mbali na kisima, ni Jumamosi saa moja asubuhi. Kila mtu aje na jembe au chepe.