Zana za Kukatia Chuma Bomani: Ununue Ipi Kwanza, na Vipande Viende Wapi



Siku hizi boma halijengwi kwa miiba peke yake. Kuna mageti ya bomba, wavu wa waya wa kuzuia fisi, kibanio cha chuma cha kuchanjia, na mapipa yaliyopasuliwa kuwa mabirika ya maji. Kazi zote hizo zinataka mtu akate chuma. Nimezoea kuulizwa habari za dawa na chanjo, lakini safari hii naandika juu ya zana, kwa sababu nimeona mifugo ikifa kwa kazi ya ufundi iliyofanywa vibaya.

Niliitwa boma moja kumwangalia ng'ombe wa maziwa. Amekonda, amekunja mgongo, viwiko ameviweka nje, hataki kushuka mteremko. Mshipa mkubwa wa shingo umevimba, na chini ya taya na kidarini kumejaa maji. Wenyewe walidhani ni ndigana na walikwisha mchoma sindano mara mbili. Alipokufa tukampasua. Kipande cha waya chenye urefu wa kidole kilikuwa kimetoboa tumbo la pili, lile lenye kuta kama sega la asali, kikapita hadi kwenye mfuko wa moyo. Mfuko ulikuwa umejaa usaha. Miezi michache nyuma walikuwa wamefunga wavu kuzunguka zizi la ndama, na vipande walivyokata viliachwa palepale kwenye nyasi.

Ng'ombe huzoa majani kwa ulimi na kumeza haraka. Kutafuna kwenyewe ni baadaye, anapocheua. Mbuzi na kondoo huchagua kwa midomo, ndiyo maana kwao jambo hili ni nadra. Chuma kikishamezwa hutua kwenye tumbo hilo la pili, ambalo limekaa karibu sana na moyo, na kila tumbo linapojikunja ncha inasukumwa mbele. Hakuna sindano ya kuyeyusha waya. Kwa hiyo unapochagua zana, usiulize tu kama inakata. Uliza pia inaacha nini chini.

Koleo la kukatia waya

Hili ndilo la kwanza kununua. Linatosha kwa waya wa kufungia, seng'enge na wavu. Dukani, lifumbe koleo kisha liinue kuelekea jua. Ukiona mwanga unapita kati ya meno ya kukatia, lirudishe, litatafuna waya badala ya kuukata. Vipini viwe virefu kiasi cha kujaa kiganja chako.

Waya uliovutwa ukikatwa hurudi kama mjeledi. Mtu wa pili aukanyage au aushike upande mmoja, na macho yasiwe kwenye mstari wa waya. Mkataji atundike kopo kiunoni, na kila kipande kinachokatwa kiingie humo kabla hajakata kingine. Ukisema utaokota jioni, hutaviona.

Koleo hili pia ndilo la kumwokoa mnyama aliyenasa kwenye mtego wa waya. Mlaze na umfunge vizuri, mfunike macho, upenyeze kipande cha ngozi kati ya waya na mguu, kisha ukate. Usithubutu kuleta grenda hapo: sauti itamtia wazimu, na joto litaunguza nyama ambayo tayari imejeruhiwa. Baada ya hapo niite au umwite mhudumu wa mifugo wa karibu, kwa sababu kidonda cha waya ni mlango wa pepopunda, na punda ndiye mwepesi zaidi kuugua.

Msumeno wa chuma

Kwa bomba, nondo na chuma cha engo, msumeno wa mkono wenye fremu imara unatosha nyumba nyingi. Watu hulalamika kuwa bledi zinakatika ovyo, nami nikitazama naona wamenunua meno yasiyolingana na chuma. Bledi huandikwa idadi ya meno kwa inchi moja. Yenye meno 18 ni ya chuma kinene kama nondo na engo nzito. Yenye 24 ni ya bomba la kawaida. Yenye 32 ni ya bomba jembamba na bati. Kipimo cha kukumbuka ni kwamba meno yasiyopungua matatu yawe yanagusa chuma kwa wakati mmoja. Ukitumia meno makubwa kwenye bomba jembamba, ukuta wa bomba unaingia katikati ya jino na jino, na bledi inanyofoka.

Meno yatazame mbele, mbali na mkono wako, maana msumeno huu hukata unaposukumwa. Kaza bledi hadi ukiigonga kwa kidole ilie. Sukuma kwa urefu wote wa bledi, polepole, mara 40 hadi 50 kwa dakika. Anayekwenda mbio anaipasha moto na kuipoteza makali. Chuma kibanwe kwenye jiliwa, au vaisi kama mafundi wanavyosema. Huna? Funga bomba kwenye gogo lenye mkato, mtu alikalie.

Nunua na tupa moja bapa. Kila ncha uliyoikata isuguliwe hadi uweze kupitisha kidole gumba bila kuogopa, kwa sababu ubavu wa ng'ombe utapita hapo kila siku. Na jamani, msumeno huo usiwe ndio wa kukatia pembe za ng'ombe.

Mkasi mkubwa wa kukatia nondo haufai kila nyumba kununua wake. Ununueni kwa kikundi, na msiutumie kwa mnyororo mgumu wa kufuli, utavunja meno yake.

Grenda

Vijana wanaipenda grenda, nami sikatai kuwa ina kasi. Lakini angalia kwanza umeme. Grenda ndogo hutaka wati 700 au zaidi. Sola ya kuwashia taa na kuchajia simu haiwezi kuizungusha. Kama kazi ni ya siku moja, pima bomba zako, zipeleke kwa fundi wa mnadani, azikate kwa vipimo vyako. Vumbi na vipande vitabaki kwake.

Ukiwa nayo, usitoe kinga yake ili kuweka diski kubwa. Diski ya inchi 9 imetengenezwa kwa mwendo wa takriban mizunguko 6,600 kwa dakika, na grenda ndogo huenda zaidi ya 10,000. Itapasuka, na kipande kitaingia usoni. Diski nyembamba ni ya kukata tu, usiisugulie kwa ubavu. Soma tarehe iliyopigwa kwenye pete ya katikati. Iliyopitwa na wakati au iliyolowa maji itupwe. Vaa miwani ya kinga. Shuka ivuliwe au ifungwe kabisa kiunoni, na mikufu pia, maana kitambaa kikishikwa na diski kinamvuta mtu. Kiangazi fagia nyasi mita kadhaa kuzunguka, weka maji na mchanga karibu: cheche moja inaweza kula malisho ya kijiji kizima.

Pipa la birika

Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote. Pipa lililokuwa na petroli au dizeli, hata likionekana tupu na kavu, lina mvuke ndani. Cheche ya grenda hulilipua kama bomu. Pipa lililokuwa na dawa ya kuogeshea usilikate wala usilioshe kwa ajili ya maji; sumu hujificha kwenye kutu na mishono, na ng'ombe hatakuambia kitu hadi aanze kutetemeka na kutoa mate. Usilolijua lilikuwa na nini, liache.

Tafuta pipa la lita 200 lililobeba mafuta ya kula. Lifungue vizibo vyote, lijaze maji, kisha ulipasue kwa tindo na nyundo ukianzia juu na kupunguza maji kadiri unavyoshuka. Ni kazi ya asubuhi nzima. Kingo zikunjwe kwa nyundo, halafu uzivishe mpira wa bomba uliopasuliwa kwa urefu, la sivyo zitakata ndimi na shingo.

Kazi ikiisha, vunja spika ya redio iliyokufa utoe sumaku yake, uifunge kwenye ubao kwa kamba, uikokote juu ya ardhi yote mliyofanyia kazi. Pita mara mbili, ya pili kwa kukatiza. Chuma chakavu muuzie mnunuzi wa mnadani, kilichobaki kitupwe kwenye shimo refu la choo. Ndama wasirudishwe hapo kabla sumaku haijatoka safi.