Mazungumzo juu ya Kibao cha Duka

KIJANA: Mzee wangu, nimefungua duka la samani hapa Keko, nami nimekusudia kibao chake kiandikwe: "Karibuni, Samani Bora za Kisasa kwa Bei Nafuu Kuliko Zote." Waonaje?

MZEE: Mwanangu, maneno hayo ni ya adabu, lakini yana ila moja kubwa: kila duka, tangu Keko Mwanga hata Keko Magurumbasi, laweza kuyatundika mlangoni pake, na sifa iwafaayo wote haimtambulishi yeyote. Wauza nini hasa?

KIJANA: Vitanda vya mninga, futi 5 kwa 6 na 6 kwa 6. Mafundi huviunda nyuma ya duka.

MZEE: Basi andika hayo. Mnunuzi atokaye Mbagala hafungi safari kuja kutafuta ubora, hutafuta kitanda. Naye akisoma, "Vitanda vya Mninga: Ingia Uone Vikiundwa," amekwisha kupata habari ya chombo, habari ya mti wake, na idhini ya kufika karakanani akakague kwa macho yake kabla ya kutoa fedha.

KIJANA: Na makochi, meza na makabati, nisiyataje?

MZEE: Yapange barazani, yatajitaja yenyewe. Watazame watengenezaji wa kanga: katika nguo nzima huweka jina moja fupi, na ni wengi wanunuao kanga kwa ajili ya jina hilo. Abiria apitaye katika daladala ana nafasi ndogo kuliko mnunuzi wa kanga aliyesimama dukani. Kisha pima herufi zako. Kawaida ya waandishi wa vibao ni kwamba herufi ya kimo cha inchi 1 husomeka vema kwa futi 10. Kwa hiyo aliye ng'ambo ya barabara, umbali wa futi 40, zamfaa herufi za inchi 4, nyeusi juu ya manjano, zenye nafasi tupu pande zote.

KIJANA: Lakini yuko mwenzangu aliyeandika mninga, na ndani auza paini iliyopakwa rangi, na wateja wamejaa kwake.

MZEE: Wamejaa leo. Rangi ikichubuka, kila aliyehadaiwa atawaeleza jamaa na majirani, na hakuna kibao kiwezacho kuyashinda maneno yao. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo imekataza kumlaghai mlaji. Lakini hata kama sheria isingalikuwapo, mtu aliyedunduliza kidogo kidogo ili familia yake ipate kulala kitandani ana haki ya kupewa kile kile alichokisoma mlangoni, na kumnyima ni dhuluma.

KIJANA: Nimesadiki. Na bei, niiandike?

MZEE: Iandike, ikiwa umeazimia kumwuzia kwa bei hiyo hiyo tajiri na maskini, mjuzi na mgeni. Ikiwa hujaazimia hivyo, azimia kwanza, ndipo umwite mwandishi wa kibao.