Usiishie Kikao cha Pili: Kwa Askari Wastaafu wa Itaka na Familia Zao

Neno moja litangulie mengine yote: askari mstaafu aliyeanza tiba ya kisaikolojia asiiache njiani. Hata kama ndoto zimezidi. Hata kama jirani amemwambia kuwa hospitali inamchokonoa vidonda vya zamani bure. Asiiache.

Kijitabu hiki kimetokana na malalamiko ambayo watendaji wa vijiji wanayajua vizuri. Mke analalamika kwamba mume hazungumzi, na akizungumza anafoka. Ukoo unalalamika kwamba mzee haonekani misibani; akija anakaa mwisho kabisa, mgongo ukutani, na kuondoka kabla ya mazishi. Wanachama wa chama cha ushirika (AMCOS) wanalalamika kwamba ametukana mkutano mzima wa malipo ya kahawa, kisa mtu alimgusa bega kwa nyuma. Bodaboda ikilipua moshi barabarani, anajitupa chini, na vijana wanacheka. Wapo wanaosema ni jeuri ya jeshi, wapo wanaosema karogwa. Wote wanakosea, na makosa yao yamewachelewesha wagonjwa kwa miaka.

Huo ni ugonjwa wa kiwewe. Madaktari wa Marekani waliuingiza rasmi katika mwongozo wao wa magonjwa ya akili mwaka 1980. Mwaka huo ulinganishwe na Vita vya Kagera: majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivamia nchi yetu Oktoba 1978, Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979, na vita vikaisha Juni. Vijana wetu walipigana vita hivyo kabla ugonjwa wao haujaingia kitabuni. Wengi hawakuwa hata askari wa ajira. Walikuwa mgambo waliotolewa mashambani. Machi 1979, huko Lukaya, Uganda, makombora ya Walibya waliokuwa upande wa Amin yaliitawanya Brigedi yetu ya 201, iliyojaa watu wa namna hiyo, kabla haijajipanga upya na kurudi kupigana. Aliyekuwa na miaka 20 siku ile sasa anakaribia 70. Nyuma yake wamefuata vijana waliokwenda kulinda amani Darfur na Kongo, wakiwamo walionusurika tarehe 7 Desemba 2017, waasi waliposhambulia kambi ya Semuliki, Kivu Kaskazini, na kuua walinda amani wa Tanzania wasiopungua 14.

Sasa, tiba yenyewe ikoje? Si vidonge peke yake, na si mawaidha. Njia mojawapo ni ya kusimulia maisha. Kamba inatandikwa chini, mwanzo wake ni kuzaliwa. Mgonjwa anaweka ua palipo na furaha na jiwe palipo na jambo la kutisha. Kwa waliopigana huongezwa vijiti, kwa ajili ya ukatili ambao wao wenyewe waliutenda, sehemu ambayo wanaume wengi hawajamwambia mtu yeyote. Kisha jiwe moja moja linasimuliwa tangu mwanzo hadi mwisho, mtaalamu anaandika, na kikao kinachofuata anamsomea. Wastaafu wanaohofia kuvunja kiapo cha kutunza siri watulie: kinachoulizwa ni hofu, moyo ulivyodunda, harufu, sauti. Mipango ya jeshi haimsaidii mtu kupona.

Njia hii imejaribiwa jirani. Mjini Goma, Kongo, ilitumika kwa wapiganaji wa zamani, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha dalili zao zimepungua. Kaskazini mwa Uganda ilitolewa kwa waliokuwa askari watoto, vikao 8, nyumbani kwao, na wenyeji waliofunzwa kazi hiyo. Walipata nafuu kuliko wale waliopewa masomo ya ziada na ushauri wa kawaida.

Njia ya pili haiendi vitani kabisa. Inashika uhusiano wa leo: wiki hii uligombana na nani? Ulimjibu nini mama watoto? Ulitaka aelewe nini ukashindwa kusema? Katika wilaya za Masaka na Rakai nchini Uganda, ardhi ambayo wazee wa Vita vya Kagera waliikanyaga kwa miguu, njia hiyo ilitolewa kwa vikundi vya wanakijiji wenye sonona kwa wiki 16, nayo ikafaa. Kwa kiwewe ilipimwa New York kwa wagonjwa 110, na matokeo yakatoka mwaka 2015: haikuzidiwa na tiba ya kukabili kumbukumbu za tukio, jamaa ya ile ya kusimulia maisha, na waliokatisha walikuwa asilimia 15, dhidi ya 29 upande wa pili.

Hiyo asilimia 29 ya waliokatisha ndiyo inayowakosesha wataalamu usingizi. Jiwe la kwanza likiguswa, usiku unaweza kuwa mbaya zaidi kwa siku kadhaa. Mgonjwa anaona tiba imemdhuru, anaacha, na anaingia kilabuni kwa komoni, kimpumu au gongo. Ni kosa lile lile la mgonjwa wa kifua kikuu anayeacha dozi mara tu kikohozi kinapotulia. Ndoto zikizidi, mwambie mtaalamu. Apunguze mwendo au abadili njia. Kununua valiamu dukani bila cheti si njia. Kumfunga mtu kamba si njia. Kuacha kimya kimya si njia.

Jambo moja halingoji kikao. Akitamka kwamba heri afe, asiachwe peke yake hata dakika moja, dawa za kupulizia mikahawa zifungiwe, na apelekwe hospitali usiku huo huo.

Pa kuanzia ni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Atakayepewa rufaa ataelekezwa hospitali ya Vwawa, na ikibidi Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Isemwe bila haya: tangu Songwe iwe mkoa mwaka 2016, huduma imewasogelea watu wa wilaya ya Mbozi, Itaka ikiwamo, na kilichobaki ni mgonjwa naye kusogea. Kuhusu gharama, wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo wana utaratibu wa msamaha. Mengine ni ya bima na barua, na ofisa ustawi wa jamii atayafafanua.

Mke, kaka au mtoto mkubwa amsindikize, walau kikao cha kwanza na cha tatu, kwa kuwa anayesindikizwa huona haya kutoroka. Wenyeviti wa vitongoji wakomeshe kicheko cha barabarani. Na aliyekwisha kukatisha, iwe mwezi uliopita au mwaka jana, arudi pale pale alipoanzia na kuomba kuendelea.