MGONGO WA MBWA MKUBWA

Watu wengi wa Sio Port, Busia na Malaba hufuga mbwa wa kulinda boma au duka, na wako wanaopenda mbwa wakubwa kama German Shepherd. Mwenye mbwa wa namna hii yampasa ajue jinsi kiuno chake kilivyoundwa, kwa maana ndipo udhaifu wake ulipo.

Kiunoni mbwa ana pingili saba. Nyuma yake ziko tatu zilizoungana kuwa mfupa mmoja, ulioshikamana na nyonga. Pingili ya saba inapokutana na mfupa huo ndipo penye kazi kubwa. Mbwa akirukapo, miguu ya nyuma ndiyo inayosukuma, na nguvu hiyo hupitia hapo kufika mwilini. Aliyeona lori likirudisha trela kinyumenyume pale Malaba atafahamu: kiungo cha trela ndicho kinachobeba taabu.

Katikati ya mifupa hiyo kuna kisahani laini cha kupunguza kishindo. Juu yake hupita neva za miguu ya nyuma, za mkia na za kibofu.

Kwa nini mbwa wakubwa huumia zaidi? Hesabu itatuonyesha. Mbwa akizidishwa mara mbili kwa urefu, upana na kimo, uzito wake huwa mara nane, lakini unene wa mfupa ukikatwa ni mara nne tu. Basi kila sehemu ya mfupa hubeba mzigo maradufu. Miaka ikipita kisahani huchakaa, hutokeza, na kuzibana neva.

Dalili huja polepole. Mbwa huinuka kwa shida, hukataa kuruka, hulia mkia ukiinuliwa, na kucha za nyuma hulika kwa kuburutwa. Mwisho hushindwa kuzuia mkojo. Asingojewe kufika hapo. Apelekwe kwa daktari wa mifugo. Tena asipewe dawa za maumivu za binadamu, kwani nyingine humwua.

Kinga si ghali. Mbwa asinenepeshwe: mbavu zake zipapaswe kwa urahisi. Mtoto wa mbwa asirushwe rushwe kutoka juu ya gari, wala asilishwe kupita kiasi ili akue upesi.

Lakini jihadhari! Miguu ya nyuma ikilegea kwa siku moja au mbili, naye akatoa udenda, sauti ikabadilika na kumeza kukamshinda, yamkini ni kichaa cha mbwa. Usitie mkono kinywani ukidhani amekwamwa na mfupa. Mwite daktari wa mifugo. Aliyeumwa au kupatwa na udenda kidondani aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile. Dalili zikishamtokea mtu, ni nadra mno kupona. Mpeleke mbwa wako achanjwe kila mwaka, awe mkubwa au mdogo.