Kona ya Dada: Kabla Hujasema Anime Imeharibu

Wadogo zangu wa Lushoto, Soni, Mlalo na huko Mtae kwenye ukungu, najua wengi wenu mnaangalia anime usiku mkiwa mmejifunika blanketi, simu moja watu watatu. Na ugomvi uliopo umenifikia kutoka pande zote mbili. Binti mmoja ameangalia Clannad: After Story, amelia mpaka macho yakavimba. Binamu yake, ambaye aliucheza mchezo wenyewe kwenye kompyuta akiwa chuoni, akamwambia kwamba alichokiona ni nusu ya hadithi, na hiyo nusu nayo imeharibiwa. Sasa hawasemeshani. Mwingine yuko Bumbuli, anachora kisa cha Mbegha kwa mtindo wa Kijapani, anauliza afuate anavyosimulia babu yake au afuate kitabu. Nawajibu pamoja, kwa sababu nikisoma barua zenu naona mnaumwa na kitu kimoja.

Clannad haikuanza kama katuni. Ni riwaya ya kuchezwa kwenye kompyuta, iliyotolewa na kampuni ya Key tarehe 28 Aprili 2004. Picha imetulia, maandishi yanapita chini yake, muziki unapiga, na kila baada ya kitambo unaulizwa uchague: uende maktaba au ubaki darasani, uongozane na nani kurudi nyumbani. Ukimfuata msichana mmoja, Kotomi, unaingia kwenye maisha ya Kotomi na wengine wanabaki pembeni. Ukimaliza, unarudi mwanzo kabisa, unamfuata mwingine. Njia unazozimaliza vizuri zinakupa vitone vya mwanga, na vikitimia ndipo mwisho wa kweli wa hadithi unapofunguka. Mtu anaweza kukesha wiki nzima akisoma kitu hicho.

Sasa fikiria kazi waliyokuwa nayo Kyoto Animation, waliogeuza mchezo huo kuwa anime. Msimu wa kwanza ulianza kurushwa Oktoba 2007, na huo wa pili, After Story, ukaanza Oktoba 2008 ukaisha Machi 2009. Runinga haikuulizi uchague. Mhusika mkuu, Tomoya, ni mmoja na siku zake ni zilezile, kwa hiyo mwongozaji Tatsuya Ishihara na wenzake wakampitisha kote katika maisha mamoja: anamsaidia Fuko, anamsaidia Kotomi, na huku mapenzi yake na Nagisa yanakua humohumo. Kyou na Tomoyo, ambao mchezoni kila mmoja ana njia yake nzima, wakapewa sehemu mojamoja ya ziada kando ya hadithi kuu.

Ambaye hajaangalia msimu wa pili aruke sasa mpaka nitakapotaja Zanzibar, nisije nikamharibia.

Nagisa anafariki baada ya kujifungua. Tomoya anashindwa hata kumtazama mtoto wao, Ushio, ambaye analelewa na babu na bibi yake kwa miaka mitano huku baba yuko palepale mjini, anafanya kazi, analewa, anacheza kamari. Kisha wanasafiri wawili kwa treni. Kwenye shamba la maua Ushio anapoteza roboti yake ya kuchezea, anaitafuta mpaka jua linazama, na baba anapomwambia atamnunulia nyingine anakataa, kwa sababu ile ndiyo ya kwanza kuchaguliwa na baba yake. Ndani ya treni anauliza kama sasa anaruhusiwa kulia. Bibi yake, Sanae, alimfundisha kwamba mahali pa kulia ni chooni au kifuani kwa baba. Miaka yote mitano kifua hakikuwepo.

Hapa binti yangu una haki ya kulia, na binamu hana la kukuambia. Sehemu hii hata mchezoni haina njia nyingi za kuchagua, inakwenda moja kwa moja kama maisha ya mtu mzima yanavyokwenda, kwa hiyo anime haikupoteza kitu. Imeongeza. Mchezoni unasoma kwamba mtoto anakimbia. Kwenye anime unaiona miguu yake, na unaona baba anavyochelewa kunyoosha mikono. Mimi kwa maoni yangu hiyo ni mojawapo ya kazi bora kabisa ambazo anime imewahi kufanya na kitabu au mchezo wowote.

Mwisho, hata hivyo, binamu ana hoja. Ushio anakufa pia, halafu mambo yanarudi nyuma, na Nagisa anaishi. Aliyecheza alifika pale akiwa amevikusanya vile vitone kwa mikono yake, usiku baada ya usiku, kwa kuwasaidia watu mmojammoja. Kwake, Nagisa kurudi ni ujira wa kazi aliyoifanya mwenyewe. Kwenye anime vitone vinaonekana, vinaelea, vinapita, lakini wewe mtazamaji hujakusanya hata kimoja, ulikuwa umekaa tu. Ndiyo maana wengi waliona kama muujiza umeshushwa ghafla kumfuta mtu machozi. Hawakukosa akili. Hesabu ya ule mwisho ilikuwa imefanyika kwenye vidole vya mchezaji, na vidole havikuhamia kwenye runinga.

Basi wadogo zangu, mtu akikuuliza anime imekitendea haki chanzo chake au la, usianze kuorodhesha kilichokatwa. Kukata ni lazima. Uliza chanzo kilikudai nini wewe msomaji au mchezaji, kisha uliza hiki kipya kimekulipia hiyo gharama kwa njia gani. Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka 1999, ni riwaya nene ya Zanzibar ya wakoloni, na filamu aliyoiongoza Amil Shivji mwaka 2021 haikubeba yote yanayompata mhusika mkuu, Yasmin, kitabuni. Aliyesoma anayaona mapengo. Lakini kitabuni rafiki yake Mwajuma anaimba na wewe husikii, na filamu imempa nafasi hiyo Siti Amina, mwimbaji kweli wa taarabu, kwa hiyo unasikia. Hapo mtazamaji amelipwa.

Tuje nyumbani. Bumbuli, wewe mchoraji, nisikilize vizuri.

Kisa cha Mbegha hakijawahi kuwa na njia moja. Mifupa yake sote tunaijua: mwindaji kutoka Ngulu, mtoto wa kigego aliyetangulia kuota meno ya juu, akanyimwa urithi, akahama, mtoto wa mtawala wa Kilindi akauawa wakiwa kwenye uwindaji wa nguruwe, akakimbia, akapanda milima hii, akawaua nguruwe waliokuwa wanamaliza mazao ya watu, akagawa nyama, akamuua simba Vugha, akawa mfalme. Akaitwa Simba Mwene. Lakini kaa na mzee wa Bumbuli uone atakavyokawia Bumbuli. Wa Vugha atakufikisha Vugha upesi na hapo ndipo atakapovuta pumzi. Wenye ukoo wa Kilindi wana yao, na wale ambao mababu zao walikuwa hapa kabla Mbegha hajafika wana yao pia, na hawasimulii kwa sauti ileile. Mwanahistoria Steven Feierman alizunguka milima hii miaka ya 1960 akisikiliza masimulizi hayo, na kitabu chake cha 1974 kuhusu ufalme wa Wasambaa kimeyapa uzito mkubwa. Hakuyachukulia kama makosa ya kusahihishwa. Alitaka kujua kila msimulizi anasimama wapi.

Kitabu unachokitaja ni Habari za Wakilindi cha Abdallah bin Hemedi, mtu aliyewahi kumtumikia Semboja, mwana wa mfalme, kama mwandishi wake. Kilitolewa kwa sehemu, kikachapwa na wamisionari wa Magila, kisha J.W.T. Allen akakihariri na kikatoka upya mwaka 1962. Ni Kiswahili kitamu sana, watu wanajibizana humo kurasa kwa kurasa mpaka unasahau kuwa unasoma historia. Na kilifanya kilekile ambacho Kyoto Animation walikifanya: kikachukua kisa chenye njia nyingi kikakipitisha kwenye njia moja, ya Kilindi, kutoka Ngulu hadi kwa mfalme Kimweri na wanawe. Hilo si kosa la mwandishi. Kitabu hakina namna nyingine. Ila ukikisoma ukadhani ndicho kisa chote, umewapoteza wengine wote waliokuwa wanasimulia.

Kuna jambo jingine ndani ya kitabu hicho ambalo nalipenda na ambalo watu hawalisemi sana. Huko mbele, baada ya Kimweri ye Nyumbai kufariki mwaka 1862 na ufalme kuanza kugombaniwa, mwandishi hahitaji tena masimulizi ya wazee. Ameyaishi mwenyewe. Vita vya wana wa mfalme na wajukuu wake, Semboja kule Mazinde kwenye njia ya misafara, watu kukamatwa na kuuzwa. Mwendelezo huo una uzito wa aina tofauti na mwanzo wake. Ukifika huko kwenye uchoraji wako, badilisha mkono. Mbegha unaweza kumchora mkubwa kuliko milima, maana ndivyo anavyosimuliwa. Watu waliofungwa kamba usiwachore hivyo.

Sasa swali lako, babu au kitabu. Nasema babu kwanza, kitabu pili, na usimkimbilie simba. Nimeona michoro ya vijana kadhaa ya kisa hiki na karibu wote wanamkimbilia simba, kwa sababu simba anapendeza kwenye ukurasa na damu inachoreka vizuri. Wanapita nyama kama kitu kidogo. Lakini kaa hapo kwenye nyama. Mgeni aliyetoka porini, aliyefukuzwa kwao, kigego ambaye kwa desturi ya zamani hakutakiwa hata kuachwa aishi, anawapa wenyeji nyama, nao wanampa vyakula vya shambani. Hajawatawala bado. Wanakula chake, anakula chao. Kama hatukuiona mikono ikipokezana, simba atakuwa muujiza tu kama ule mwisho uliomkera binamu. Ufalme wa Mbegha ulilipiwa kwa chakula kabla ya kulipiwa kwa mkuki, na hiyo ndiyo gharama ambayo msikilizaji wa zamani aliilipa kwa kukaa usiku mzima akisubiri simulizi ifike Vugha. Wewe ulipie kwa kurasa. Ipe nyama kurasa nane, mpe simba mbili.

Na zile njia nyingine usizitupe. Kila sura ichore kwa macho ya mtu wa mahali pale: mama wa Bumbuli aliyekuwa na shamba linaloliwa na nguruwe, kijana wa Vugha aliyesikia kishindo usiku, mzee wa ukoo wa kale ambaye hakufurahi sana. Hilo runinga ingelishindwa, lakini karatasi inaliweza, na wewe ndiye mwenye karatasi.

Kwenu nyie mnaogombana. Mdogo wangu, mpigie binamu yako leo. Usimwambie alikosea, mwombe akuonyeshe ule mchezo, hata saa moja tu, uone vidole vyake vinachagua nini na kwa nini anachelewa kuchagua. Na wewe binamu, acha kumwambia mtu aliyelia kwamba amelia nusu. Alilia palipostahili.

Wazee wanaokijua kisa cha Mbegha kwa sauti yao wenyewe wanapungua kila mwaka. Kama una babu au bibi Vugha, Bumbuli, Mlalo au popote milimani humu, nenda mwezi huu, washa simu urekodi, mwache aseme kwa Kisambaa bila kumkatiza, na ukimaliza muulize amesimuliwa na nani. Ukisharekodi niandikie, nami nitakusaidia kuanza ukurasa wa kwanza.