Hakiki Laini Zilizosajiliwa kwa Jina Lako

Nchini Tanzania, laini ya simu husajiliwa kwa Namba ya Utambulisho wa Taifa na alama za vidole. Wakala asiye mwaminifu aweza kudai kuwa alama hazijasomeka, akakutaka urudie, kumbe anasajili laini ya pili. Laini hiyo ikitumika kutapeli watu, kumbukumbu za usajili zitakutaja wewe.

Tunakushauri uzingatie yafuatayo:

1. Ukitakiwa kurudia alama za vidole, uliza sababu.
2. Piga *106# kuhakiki namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.
3. Ukikuta usiyoitambua, fika kwa mtoa huduma husika ukiwa na kitambulisho, uombe ifutwe.
4. Usimsajilie mtu mwingine laini, hata akiwa ndugu yako.