Ndege ya Rimoti: Hakikisha Inakutii Kabla Haijaruka

Tunduma si mgeni wa ubunifu wa vyombo vya anga. Ndiko alikojulikana Adam Kinyekile, fundi aliyeunda helikopta katika karakana yake. Kijana anayeunda ndege ndogo ya kuongozwa kwa rimoti anastahili kutiwa moyo vilevile. Hata hivyo, Nakonde ya Zambia iko hatua chache tu, na ndege iliyopoteza mawasiliano haisimami kwenye kizuizi cha forodha. Kwa sababu hiyo tumeandaa somo hili.

Kabla ya kununua

Rimoti ni kifaa cha redio. Kwa mujibu wa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, kifaa cha namna hiyo hupaswa kuidhinishwa na TCRA, hata kikinunuliwa ng'ambo ya mpaka. Mwombe muuzaji uthibitisho wa idhini pamoja na risiti. Rimoti nyingi za sasa hutumia masafa ya gigahezi 2.4, lakini masafa kuwa sawa hakutoshi: rimoti ya kampuni moja huenda isielewane na kipokezi cha kampuni nyingine. Nunua viwili vinavyooana.

Kuunganisha waya

1. Ondoa pangaboi kwenye mota. Usilirudishe mpaka majaribio yote yakamilike.

2. Unganisha betri na kidhibiti mwendo, kamwe si moja kwa moja na kipokezi. Betri ya lithiamu yenye seli tatu ikijaa hufikia volti 12.6, ilhali vipokezi na mota ndogo za usukani kwa kawaida huhitaji takribani volti 5. Vidhibiti mwendo vingi hupunguza umeme huo. Thibitisha kwenye maelezo ya kifaa.

3. Waya tatu za kidhibiti mwendo huingia kwenye mota. Mota ikizunguka kinyume, badilishana waya mbili zozote kati ya hizo.

4. Mota ndogo za usukani zina waya tatu: nyekundu ni chanya, nyeusi au kahawia ni hasi, na nyeupe au ya chungwa hubeba ishara. Usizigeuze.

Jaribio lisiloachwa

Washa rimoti kwanza, kiwiko cha mwendo kikiwa chini kabisa, ndipo uunganishe betri. Wakati wa kumaliza, tenganisha betri kwanza, kisha zima rimoti.

Sasa funga ndege imara, zungusha mota polepole, halafu zima rimoti kwa makusudi. Mota ikisimama, kinga ya kupotea kwa mawasiliano imewekwa sawasawa. Ikiendelea kuzunguka, tenganisha betri na upange kinga hiyo upya kwa kufuata kijitabu cha kipokezi. Ndege isiyofaulu jaribio hili isirushwe hata mara moja, kwani angani itaendelea kwenda bila mwongozaji.

Baada ya hapo

Urushaji wa ndege zisizo na rubani husimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA). Ulizia kibali mapema, hasa kwa kuwa mpaka uko karibu. Kifaa kikiwa na kasoro, kirudishe kwa muuzaji ukiwa na risiti. Asipokusikiliza, tuletee malalamiko yako kwa maandishi. Haki ya mtumiaji huanza na kumbukumbu aliyoitunza.